Mtoa Damu Asiogope Jibu Lake

Mtu asimamaye asubuhi katika mpaka wa Busia, iwe upande wa Uganda au upande wa Kenya, huona shughuli zisizokatika. Malori yenye shehena za mafuta, saruji na nafaka hujipanga barabarani. Akina mama hupita na vikapu vya samaki, mayai na nyanya. Nao vijana wa bodaboda hugombea abiria. Jina hilo la bodaboda, ambalo leo linajulikana katika Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa katika mpaka huu huu. Kuanzia miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli waliwabeba abiria na mizigo yao kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili, wakiwaita wateja kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Sasa baiskeli nyingi zimezipisha pikipiki, na tangu zamani zile za wakoloni hadi leo mengi yamebadilika: kituo kimoja cha pamoja kilifunguliwa rasmi mwaka 2018, na msafiri halazimiki tena kukaguliwa mara mbili.

Lakini watu na bidhaa si vitu pekee vivukavyo mpaka huu. Maradhi nayo huvuka, wala hayaombi pasi ya kusafiria. Miongoni mwa maradhi hayo umo mmoja ambao husafiri kimya kabisa, usimkohoze wala usimlaze kitandani yule aliyeubeba. Ugonjwa huo ni homa ya ini. Watu wengi wa Busia na Tororo waliougua huijua hali yao siku moja tu isiyotazamiwa, nayo ni siku walipojitolea damu wakidhani kwamba wao ni wazima wa afya.

KWA NINI DAMU INATAKIWA SANA

Hapana budi kwanza ieleweke kwa nini sehemu hizi zina kiu kubwa ya damu. Wilaya ya Tororo, pamoja na Busia iliyotengwa nayo mwaka 1997, ni nchi ya mabonde yenye maji na mashamba ya mpunga, na mbu huko ni wengi mno. Wataalamu waliopima wingi wa malaria Tororo mwaka 2001 na 2002 walikadiria kwamba mkazi mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vijidudu vya malaria zaidi ya mara 500 kwa mwaka mmoja. Unyunyizaji wa dawa katika nyumba, ulioanza mwishoni mwa mwaka 2014, ulipunguza sana balaa hilo, ingawa haukulimaliza.

Malaria huharibu chembe nyekundu za damu. Mtoto mdogo aliyeshikwa na malaria kali huweza kupungukiwa damu kwa siku chache tu: viganja vyake hupauka, pumzi humwenda mbio, naye hulegea mikononi mwa mama yake. Mtoto wa namna hiyo hahitaji maneno. Anahitaji damu, tena mapema. Hali kadhalika mama anayetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, majeruhi wa ajali za barabarani, na watoto wenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni wengi katika mashariki ya Uganda na magharibi ya Kenya.

Katika Uganda damu hukusanywa na Huduma ya Taifa ya Damu, yenye makao yake Nakasero mjini Kampala. Chupa zinazotolewa Tororo na Busia hushughulikiwa na benki ya damu ya Mbale, kaskazini ya Tororo. (Chupa ni jina la mazoea tu; siku hizi damu huhifadhiwa katika mfuko wa plastiki.) Katika Kenya, ambako huduma ya taifa ya damu ilianzishwa baada ya shambulio la bomu la Agosti 1998 mjini Nairobi kuonyesha jinsi nchi ilivyopungukiwa na akiba, kituo kikuu cha magharibi kipo Kisumu. Kila upande damu hupimwa maradhi manne kabla ya kupewa mgonjwa: UKIMWI, kaswende, homa ya ini aina ya B, na homa ya ini aina ya C. Chupa itakayoonekana kuwa na mojawapo huharibiwa. Mtu asiyeijua kazi hii hushangaa kusikia kwamba mara nyingi zinazotupwa kwa sababu ya homa ya ini ni nyingi kuliko zinazotupwa kwa sababu ya UKIMWI.

UGONJWA WENYEWE NI UPI

Jina la homa ya ini huchanganywa mara kwa mara na homa ya manjano. Hayo ni maradhi mawili tofauti. Homa ya manjano huenezwa na mbu. Homa ya ini husababishwa na virusi vinavyolishambulia ini, navyo ni vya aina kadhaa. Aina ya A na ya E huenezwa kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Aina ya E ndiyo iliyowasumbua sana watu wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, kuanzia mwaka 2007. Aina ya B na ya C ndizo zinazohofiwa na benki za damu, kwa kuwa hukaa katika damu miaka mingi bila dalili yoyote.

Virusi vya aina ya B ni hodari wa kuambukiza. Tone la damu lililokauka juu ya wembe huweza kuwa na virusi hai kwa muda wa siku 7 au zaidi. Mtoto huvipata kutoka kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, au kutoka kwa watoto wenzake kwa njia ya vidonda na mikwaruzo. Mtu mzima huvipata kwa kujamiiana, kwa sindano au nyembe zilizokwisha kutumiwa, kwa kuchanjwa chale, na kwa damu isiyopimwa.

Hapa pana jambo ambalo kila mzazi yampasa alijue. Mtu mzima akiambukizwa, mwili wake kwa kawaida hupigana na virusi hivyo ukavishinda. Ni watu wachache, wasiofikia 5 katika kila 100, ambao hubaki navyo. Lakini mtoto mchanga akiambukizwa, hali huwa kinyume: karibu watoto 90 katika kila 100 hubaki navyo maisha yao. Mtoto huyo atakua, atasoma, ataoa au kuolewa, na pengine atafika umri wa miaka 40 pasipo kujua lolote, huku ini lake likiendelea kupata makovu na hatimaye kusinyaa au kupata saratani.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini ya aina ya B, na milioni 50 walikuwa na aina ya C. Maradhi hayo mawili yaliwaua watu milioni 1.3 katika mwaka huo mmoja. Katika Uganda, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2005 ulikuta kwamba kiasi cha watu 10 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na aina ya B. Uchunguzi wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta kiasi cha watu wazima 4 katika kila 100.

DAMU NDIYO ILIYOFICHUA SIRI

Ni jambo la kupendeza kwamba siri ya ugonjwa huu ilifichuliwa kwa damu za watu waliotiwa damu. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Marekani, Baruch Blumberg, alikuwa akilinganisha damu za watu wa mataifa mbalimbali. Alitumia damu za wagonjwa ambao damu yao haigandi, ambao kwa hiyo walikuwa wametiwa damu za watu wengine mara nyingi sana. Damu ya mgonjwa mmoja wa aina hiyo ilipambana na kitu kilichokuwamo katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1965, na baadaye ikathibitika kwamba kitu kile kilikuwa sehemu ya kirusi cha homa ya ini aina ya B. Kutokana na ugunduzi huo vilipatikana vipimo vya kuikagua damu, na kisha chanjo, iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1981. Blumberg alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1976, na siku yake ya kuzaliwa, tarehe 28 Julai, ndiyo inayoadhimishwa kuwa Siku ya Homa ya Ini Duniani. Kirusi cha aina ya C kilitambuliwa baadaye, mwaka 1989.

MFANO WA DEREVA WA BODABODA

Mfano mmoja utatosha kuonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kuingia katika nyumba. Na achukuliwe mwanamume wa miaka 40, dereva wa bodaboda, ambaye hufanya kazi upande wa Uganda na kulala upande wa Kenya. Siku moja watumishi wa benki ya damu wanaweka meza zao karibu na soko. Mtoto wa dada yake aliwahi kuokolewa kwa chupa moja ya damu, kwa hiyo anaona ni wajibu wake kulipa wema. Anajaza fomu, anapimwa uzito na wingi wa damu, anatoa mililita 450, anakunywa soda yake na kurudi kazini.

Baada ya majuma kadhaa simu inalia. Anaombwa afike kwa mashauri. Moyo unamdunda. Anajiambia kwamba bila shaka ni UKIMWI, na kwa hofu hiyo haendi. Simu ya pili haipokei. Mwezi unapita, mwaka unapita, na jibu lake linakaa katika daftari la watu wengine.

Au pengine anakwenda, na muuguzi anamweleza, "Baba, damu yako imeonyesha homa ya ini aina ya B."

"Sista, mimi sijaumwa hata siku moja," anajibu.

"Ndivyo ulivyo ugonjwa huu, baba. Nenda ukapimwe zaidi, na mama watoto naye apimwe."

Anafika nyumbani usiku na kumweleza mkewe. Mke ananyamaza kwa muda mrefu, kisha anauliza swali moja tu: "Baba watoto, umeyatoa wapi haya?"

Ndoa nyingi huweza kuvunjika juu ya swali hilo, nalo halina haki ndani yake. Mtu aliyezaliwa katika miaka ya 1980, kabla ya chanjo kufika vijijini, huenda aliambukizwa angali mtoto mchanga, au alipokuwa akicheza na ndugu zake wenye vidonda miguuni. Virusi vilikuwamo mwilini mwake kabla hajamjua mkewe. Vivyo hivyo mke akikutwa navyo katika kliniki ya wajawazito, mume hana sababu ya kumshika ugoni. Kipimo cha damu husema kwamba virusi vipo. Hakisemi viliingia lini, wala viliingia kwa mlango gani.

JIBU HUPOTEA WAPI

Mpaka wa nchi mbili huzidisha taabu. Wasamia na Wateso wanakaa pande zote mbili, na jamaa moja huweza kuwa na shamba Kenya, duka Uganda na watoto katika shule za nchi zote mbili. Mtu akitoa damu upande mmoja na kutumia namba ya simu ya upande wa pili, au akiandika jina la kijiji asimolala, ni rahisi jibu lake lisimfikie. Kwa hiyo yampasa mtoa damu aandike anwani yake halisi, ataje namba ya simu inayopatikana, aihifadhi kadi yake, na aulize waziwazi: majibu yatatolewa lini na wapi?

Jambo la pili ni ukweli wa mtoa damu mwenyewe. Vipimo ni vizuri lakini si miujiza. Mtu aliyeambukizwa majuma machache tu yaliyopita huweza kupimwa na virusi visionekane bado. Ndiyo sababu fomu ile huuliza habari za chale, sindano, manjano ya macho na mwenendo wa mtu. Aliye na shaka asitoe damu siku hiyo, wala asione haya. Tangu mwaka 1975 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulizihimiza nchi zote zitegemee watu wanaojitolea kwa hiari bila malipo. Sababu yake ni wazi: anayelipwa fedha, au anayesukumwa na jamaa zake mlangoni mwa wodi, ana kishawishi cha kuuficha ugonjwa wake, anayetoa kwa hiari hana.

KADI YA KLINIKI NI NGAO YA BENKI YA DAMU

Katika habari hizi zote ipo moja ya kutia moyo. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini aina ya B mwishoni mwa mwaka 2001, na Uganda ikafuata mwaka 2002. Chanjo hiyo imo ndani ya sindano ile ile ya maradhi matano ambayo mtoto hudungwa akiwa na majuma 6, 10 na 14. Watoto wa miaka ile wamekwisha kuwa watu wazima. Wanafunzi wa sekondari, ambao ndio nguzo ya benki za damu pande zote mbili za mpaka, hata akiba hupungua kila shule zinapofungwa, wamezaliwa baada ya chanjo kuanza.

Maana yake ni kwamba mama aliyetembea kwa miguu na mtoto mgongoni kwenda kliniki, akangoja foleni hadi adhuhuri, hakumkinga mtoto wake peke yake. Alikuwa akiijenga benki ya damu ya miaka 17 baadaye. Mama ambaye leo anaona sindano ya tatu ni usumbufu, kwa kuwa mtoto hulia usiku, yafaa akumbuke hayo.

Pengo lililobaki ni saa za kwanza za maisha. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto apewe chanjo ya kwanza ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, lakini mwaka 2022 watoto 18 tu katika kila 100 wa Afrika ndio walioipata. Mjamzito apimwe mapema; akikutwa na virusi vingi, zipo dawa za kumpunguzia hatari mtoto.

NYUMBANI KUFANYWE NINI

Mtu akipewa jibu la homa ya ini, jambo la kwanza ni kwenda hospitali kuthibitisha na kupimwa hali ya ini lenyewe. Si kila mwenye virusi vya aina ya B huhitaji dawa mara moja, lakini kila mmoja huhitaji kuangaliwa kwa vipindi. Anayehitaji hupewa vidonge kama tenofoviri vya kumeza kila siku, naye asiviache kwa shauri la jirani. Aina ya C haina chanjo, lakini siku hizi huponywa kabisa kwa vidonge vya majuma 8 hadi 12 kwa wagonjwa zaidi ya 95 katika kila 100. Miti shamba ya kunywa na chale za tumboni hazivitoi virusi. Wembe wa chale huweza kuvipeleka kwa mwingine.

Jambo la pili ni jamaa. Mke au mume na watoto wapimwe. Wasio na virusi wala kinga wachanjwe sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa sita.

Jambo la tatu ni matumizi ya nyumbani. Kila mtu awe na wembe wake na mswaki wake. Vidonda vifunikwe. Damu iliyomwagika ifutwe kwa maji yenye klorini. Lakini sahani, vikombe, kitanda, kukumbatiana na kupeana mikono havina hatia. Mama mwenye virusi aweza kumnyonyesha mtoto wake, hasa mtoto aliyechanjwa. Kumtengea mgonjwa sahani yake pembeni ni kumwumiza bure.

Hata mrija wa kunywea pombe ya wimbi, ambao wazee wa Kiteso hushirikiana wakiuzunguka mtungi, si ndio uenezao ugonjwa huu. Kilicho hatari kwa mwenye ini bovu ni pombe yenyewe, naye yampasa aiache.

Jambo la nne liko ghalani. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu huwa na sumukuvu, sumu iliyowaua watu 125 katika mashariki ya Kenya mwaka 2004. Sumu hiyo ikikutana na virusi vya aina ya B mwilini, hatari ya saratani ya ini huongezeka maradufu kwa maradufu. Nafaka ikaushwe vizuri juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, na punje zenye ukungu zitupwe, zisisagwe wala zisipikiwe pombe.

Na yule dereva wa bodaboda? Hatatoa damu tena. Hilo ni kweli, na huenda likamsikitisha. Lakini kwa kuitika ile simu amepata nafasi ya kulitunza ini lake angali na nguvu, mkewe amepata chanjo, na watoto wake wamejulikana hali zao. Chupa yake haikumfikia mgonjwa wodini, ila imewasaidia watu wa nyumbani kwake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Atakayeitwa na benki ya damu, iwe ya Mbale au ya Kisumu, na aende siku hiyo hiyo.